Kichomeo cha peleti kwenye chumba kilichozama kilimani (Isamilo): bomba la moshi na la hewa yapite ukuta gani?

Mama Andazi wa Mlimani

Wakuu, habari za leo. Naomba msaada kwa wanaojua vichomeo vya peleti (vipande vidogo vya unga wa mbao au pumba vilivyoshindiliwa).

Chumba cha oveni kiko chini ya nyumba, Isamilo, Mwanza. Mnazijua nyumba za huku: kilima kimekatwa, ukuta wa nyuma wote umeegemea udongo na jabali. Ukuta wa kushoto umezama nusu, ardhi ya nje iko mita 1.4 juu ya sakafu yangu. Mbele kuna mlango na ardhi iko sawa na sakafu. Kuta ni za mawe na saruji, unene sentimita 45, zimepigwa lipu pande zote. Dari ni slabu ya zege, mita 2.7. Juu yake wanakaa wapangaji, madirisha yao mawili yanaangalia upande huohuo wa kushoto.

Oveni ni ya mikate, kichomeo ni kilowati 25, moto ukiwa juu kinakula kilo 6 hivi kwa saa. Tundu la moshi ni milimita 80, liko nyuma, sentimita 90 kutoka sakafuni. Tundu la hewa ni milimita 50, sentimita 60 kutoka sakafuni. Tunachoma kuanzia saa 8 usiku hadi saa 3 asubuhi.

Fundi anataka moshi utoke moja kwa moja kwa bomba la kulala, apenye ukuta wa kushoto na kuishia hapo nje kwa kofia. Hewa anasema kichomeo kitavuta humohumo chumbani, kwa kuwa kuna louva mbele na feni ya kutoa joto. Ukuta ameshaupiga chaki, anataka kuanza kutoboa Jumatatu. Nimwache aendelee?

Natanguliza shukrani.

---

Fundi Bati Nyakato

Dada, mzuie kwanza. Tundu la ukutani ndiyo kazi ndogo hapo. Tatizo ni njia nzima ya moshi, na hiyo habari ya kuvuta hewa chumbani.

Tuanze na kipimo. Bomba la moshi wa peleti halipimwi kwa utepe tu, kila kona ina deni lake. Hesabu wanayotumia watengenezaji wa mabomba haya ni hii: mita ya kulala huhesabiwa mita moja, mita ya kusimama huhesabiwa nusu, tii (kiungo cha njia tatu) au elbo (kona) ya nyuzi 90 huhesabiwa mita 1.5, elbo ya 45 huhesabiwa 0.9. Jumla ikizidi mita 4.5, inchi 3 (ndiyo kama milimita 80 yako) haitoshi, unapanda inchi 4 (milimita 100). Halafu kuna sharti ambalo mtu wa Dar halimgusi ila sisi linatugusa: mahali palipo zaidi ya mita 760 juu ya usawa wa bahari, anza na inchi 4 hata kama njia ni fupi. Uso wa Ziwa Victoria wenyewe uko mita 1,134, na wewe uko mlimani juu yake. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 12 hivi, kwa hiyo feni ileile inasukuma oksijeni pungufu. Milimita 80 iishie pale kwenye tundu la oveni, hapohapo weka rejusa (kiungo cha kubadili kipenyo) kwenda 100.

Njia ninayoshauri:

Nyuma ya oveni weka tii yenye kizibo chini cha kusafishia. Panda mita 1 hadi sentimita 190 kutoka sakafuni. Piga elbo, lala mita 1.5 upite ukuta wa kushoto, na ukitokea nje weka tii ya pili yenye kizibo chake. Kisha panda mita 5 upite ukingo wa paa la wapangaji kwa mita moja hivi, umalizie na kofia.

Deni lake: 1.5 + 0.5 + 1.5 + 1.5 + 1.5 + 2.5 = mita 9. Maelekezo mengi ya vichomeo huishia hapo kwenye 9, na sipendi kufunga kitu kikiwa kwenye ukomo. Sogeza oveni nusu mita kuelekea ukuta wa kushoto, unabaki na 8.5. Soma pia kitabu cha kichomeo chako, kama kinasema pungufu ya hapo, kifuate chenyewe.

Kwa nini usiishie ukutani? Kanuni ya kawaida inataka mdomo wa moshi uwe angalau mita 1.2 kutoka dirisha linalofunguka, ukiwa chini yake au pembeni. Kwa vipimo vyako fundi wako anaweza kusema ametimiza. Lakini dakika kumi za kuwasha, peleti hazijashika vizuri, hutoka moshi mweupe mzito, na saa 8 usiku huo moshi unapanda na ukuta hadi kwa watu waliolala. Mchana upepo wa ziwani unakuja juu mlimani, usiku unageuka na kushuka kwenda ziwani. Mdomo ulio ukutani lazima utapigwa na mmoja wapo. Ukiwa juu ya paa, hauna habari na yeyote kati yao.

Vifaa: bomba la kuta mbili, ndani chuma cha pua 304 cha nusu milimita, kipenyo 100, katikati rokiwulu (sufi ya mawe ya kuzuia joto) ya milimita 25, nje bati la mabati, kipenyo 150. Vipande 7 vya mita moja, nunua 8. Tii 2 na vizibo vyake, elbo 1, rejusa 1, kofia 1 isiyo na wavu mwembamba (majivu yanayoruka yataziba wavu ndani ya wiki chache), vishikizo vya ukutani 4 pamoja na kimoja kizito cha kubeba tii ya nje. Silikoni ya joto kali tyubu 3.

Kuhusu silikoni: ile nyeupe ya masinki usiiguse. Tafuta nyekundu ya gasketi inayouzwa maduka ya spea za magari, inayovumilia nyuzi 300 hivi. Feni ya kichomeo inasukuma, kwa hiyo ndani ya bomba kuna shinikizo, na kiungo kisichozibwa kinatema moshi chumbani hata kama macho hayaoni. Tepu ya alumini peke yake si kiziba.

---

Mama Andazi wa Mlimani

Asante sana mkuu, nimemsimamisha. Sasa ukuta wenyewe: mawe yetu ni yale magumu ya mlimani. Fundi ana nyundo na patasi tu. Na je, naweza kujengea bomba moja kwa moja na saruji ili lisitikisike?

---

Nondo na Zege

Usijengee na saruji kamwe. Chuma cha pua cha mita moja na nusu kikipanda joto kwa nyuzi 200 kinarefuka karibu milimita 5. Ukikibana, ama lipu inapasuka duara zima, ama kiungo kinafunguka ndani ya ukuta ambako hutakiona. Bomba lazima liteleze ndani ya slivu, na slivu ndiyo inayojengewa.

Slivu: bomba la chuma au bati nene lililokunjwa, kipenyo cha ndani 200, urefu sentimita 55. Yaani 45 za ukuta, 2 hivi za lipu, zinazobaki zichomoze nje kama mdomo wa kudondoshea maji. Bomba lako la 150 likikaa katikati linabaki na nafasi ya milimita 25 kila upande. Jaza rokiwulu, ndani funika na sahani ya bati, nje sahani na silikoni. Slivu iiname kuelekea nje, sentimita moja kwa unene wote wa ukuta, mvua ya kusukumwa na upepo isirudi ndani.

Kutoboa. Kitovu cha tundu kikiwa sentimita 190 ndani, nje ni nusu mita juu ya ardhi, hapo ni pazuri. Usishuke chini ya sentimita 30 kutoka ardhini, kwa sababu maji ya mvua yanayoteremka mlimani hupita kando ya ukuta huo na yanabeba tope. Kaa mbali na kona kwa sentimita 60 au zaidi, wala usiwe chini ya mahali boriti inapokalia.

1. Toboa tundu la kuongozea la milimita 14 au 16 katikati, lipenye hadi nje. Kabla ya kuendelea, nenda nje ukalitazame limetokea wapi. Watu hupima ndani, wakitoka nje wanakuta wako chini ya ardhi au nyuma ya bomba la maji machafu la wapangaji.

2. Gonga lipu itoke kwa upana wa sentimita 40 uone mawe yamekaaje. Ukiona jiwe moja kubwa limefunika nusu ya tundu, usiling'oe zima, maana yaliyo juu yake yatashuka. Likate. Au sogeza kitovu sentimita 10 ukutane na jointi.

3. Kama unaweza kukodi mashine ya kuchoronga yenye kikombe cha almasi cha 225, kodi. Inakata kwa maji, jiwe na saruji sawasawa. Kikombe cha kawaida hakifiki sentimita 45 kwa mkupuo, unakata, unavunja kiini, unatoa, unaendelea.

4. Bila mashine hiyo: drili ya nyundo, biti ya 16, zungusha matundu kwenye duara la 225, kila sentimita 2.5 hadi 3. Yatafika 25 hivi. Yaende hadi katikati ya ukuta, halafu hamia nje utoboe duara lilelile kwa kufuata tundu la kuongozea. Katikati ondoa kwa patasi kidogokidogo.

Hilo la kutoboa pande zote mbili mkazanie fundi wako. Akigonga kutoka ndani hadi mwisho, upande wa nje unamomonyoka mfano wa faneli, unabaki na shimo la nusu mita la kuziba. Nyundo kubwa ya kubomolea usiilete hapo kabisa, ukuta wa mawe una jointi za saruji kavu ambazo zikishtuliwa haziungani tena, utaona lipu ya mpangaji juu ina nyufa.

Ukishaweka slivu, jengea kwa saruji moja mchanga tatu, mwagilia siku tatu. Bomba nalo liiname vilevile kuelekea nje kufuata slivu.

---

Fundi Bati Nyakato

Mkuu Nondo, yote sawa isipokuwa sentensi ya mwisho. Slivu iiname nje, ndiyo. Bomba lipande kuelekea nje, sentimita 2 kwa kila mita. Moshi haushuki kwa hiari, ukiliinamisha bomba unatengeneza mahali pa majivu kulala, na siku umeme ukikatika mvuto unasitasita hapo. Maji ya ndani ya bomba yanashughulikiwa na vile vizibo viwili vya tii.

---

Nondo na Zege

Lakini slivu inashuka na bomba linapanda. Litagusa.

---

Fundi Bati Nyakato

Halitagusa. Ndani ya sentimita 45 bomba linapanda milimita 9, slivu inashuka 10. Ukiliweka sawa katikati ya ukuta, kila mwisho linahama chini ya milimita 10 kutoka kwenye kitovu, na wewe umeacha 25. Ndiyo maana slivu ya 200 ni bora kuliko ya 175 ambayo wengi hupenda kwa kuogopa kutoboa.

---

Nondo na Zege

Nimekubali. Hiyo 25 nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya rokiwulu tu.

---

Hewa ya Chumba

Mmemaliza moshi, nami niseme la hewa, maana hapo ndipo fundi wa dada anakosea kwa hatari.

Kilo moja ya peleti, pamoja na hewa ya ziada anayohitaji moto, inataka mita za ujazo 9 hadi 10 za hewa. Kilo 6 kwa saa ni kama mita za ujazo 60. Feni ya ukutani ya inchi 12 kwa kawaida inatoa zaidi ya elfu moja kwa saa. Mlango ukifungwa na louva zikiwa zimeshika vumbi la unga, hiyo feni itatafuta hewa popote, na njia rahisi kuliko zote ni kuishusha kwenye bomba la moshi. Kichomeo kitashindana na feni mara kumi na tano yake. Moto utakuwa wa manjano na mvivu, kioo kitakuwa cheusi, na monoksidi ya kaboni itabaki chumbani na mwokaji. Haina rangi wala harufu.

Sababu ya pili ni ya kiwanda cha mikate hasa. Hewa ya chumbani ina unga wa ngano. Unavutwa na feni ya kichomeo, unashika kwenye mapezi yake pamoja na mvuke, unakuwa gundi. Feni inapoteza mizani na kuanza kunguruma.

Kwa hiyo hewa itoke nje kwa bomba lake. Swali ni ukuta upi, na wengi hapa wanajibu "huohuo wa moshi, tundu moja tu". Kwako hapana. Ardhi ya kushoto iko mita 1.4, ukiongeza sentimita 40 za usalama mdomo wa hewa utakuwa mita 1.8, na kichomeo kiko 0.6. Bomba la hewa linalopanda mita 1.2 juu ya moto ni bomba la moshi la pili. Feni ikisimama, joto litachagua kupanda huko, na huko njiani ndiko zilipo peleti. Moto kurudi kwenye hopa (pipa la kuwekea peleti) huanza hivyo. Kanuni: mdomo wa hewa usiwe juu ya chungu cha moto (kikombe cha kichomeo ambamo peleti huungulia).

Tumia ukuta wa mbele. Ardhi iko sawa na sakafu, mdomo ukae sentimita 40 kutoka chini, uko chini ya kichomeo, salama. Ni mita 4 hivi kutoka kwenye oveni, sivyo? Basi usivute milimita 50 umbali wote huo. Kwa hewa ya mita za ujazo 60, bomba la 50 litakuwa na mwendo wa mita 8.5 kwa sekunde na litakula karibu Paskali 90 (Paskali ni kipimo cha shinikizo) kwa msuguano peke yake, bila kona. Bomba la 100 mwendo ni 2, msuguano ni Paskali 3 hivi. Feni hizi ndogo hazina Paskali 90 za kugawa. Vuta 100 hadi karibu na kichomeo, rejusa iwe sentimita 20 au 30 za mwisho.

Bati la mabati geji 26 linatosha, si lazima chuma cha pua. PVC hapana, hata kama ni rahisi: inaanza kulainika kwenye nyuzi 60 na kitu, na joto likirudi nyuma siku moja tu inajikunja na kuziba. Liiname kidogo kuelekea nje. Mdomo uelekee chini, uwe mbali na mlango ambako bodaboda husimama na injini zikiwaka.

Feni ya kutoa joto usiing'oe, wafanyakazi wanaihitaji. Ila ipe hewa yake: louva ya wazi ya sentimita 45 kwa 45, isiyofungwa wala kurundikiwa magunia.

---

Dagaa wa Kirumba

Nyongeza ndogo kwenye mdomo wa hewa. Wavu uwe wa tundu milimita 6, usiwe mwembamba kuliko hapo. Wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama wingu la moshi wakivutwa na taa, wakiukuta wavu wa mbu wanauziba kwa usiku mmoja, asubuhi unaukuta umevaa blanketi la kijivu. Kwenye wavu wa milimita 6 wengi wanapita na kuungua, hawana madhara. Tengeneza kiboksi cha sentimita 20 kwa 20 mdomoni ili wavu uwe mpana, hata nusu ikizibwa hewa inatosha. Na taa ya nje isiwe juu ya mdomo huo, isogeze mita 3.

Kiwanda kikifungwa wiki moja au mbili, angalia nyigu. Wanajenga kichuguu cha udongo ndani ya bomba kwa siku chache, na wavu wa milimita 6 hauwazuii wote. Mijusi na panya ndio unaowazuia.

---

Mama Andazi wa Mlimani

Wabeja sana wakuu. Mawili yamebaki. La kwanza, umeme ukikatika saa 9 usiku moto ukiwa juu, nafanya nini? La pili, nimepata peleti za pumba za mpunga kwa bei nzuri kuliko za unga wa mbao. Zinabadilisha chochote kwenye mabomba?

---

Hewa ya Chumba

La umeme. Ukikatika, parafujo ya kulisha peleti inasimama na feni inasimama. Kilichomo kwenye chungu kinaendelea kuungua kwa dakika 10 hadi 15 bila hewa ya kutosha, yaani moshi mwingi. Kwa mpango wa fundi wako wa bomba la kulala, mvuto wa asili ni sifuri, moshi wote unarudi chumbani. Kwa njia ya Fundi Bati una mita 6 za kusimama ukijumlisha ndani na nje. Moshi ukiwa nyuzi 120 na nje usiku ni 22, unapata kama Paskali 15 bure. Ukipoa hadi 60 bado una 7. Hizo zinatosha kumaliza moto uliobaki bila kuwasha macho ya mtu. Rokiwulu kwenye bomba la nje ndiyo inayolinda joto hilo, asije mtu akakwambia uiache upunguze gharama.

Juu ya hapo weka betri. Kichomeo kikishawaka kinatumia wati 100 hadi 150. Kiwashio ndicho kinachokula 300 hadi 400, na hicho ni cha mwanzo tu. Betri ya asidi ya volti 12, Ah 100, ukiitumia nusu yake, inaendesha saa 4 hivi. Lakini hata ukipata dakika 30 za kukizima kwa utaratibu, inatosha kiusalama. Inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) iwe ya wimbi safi, zile za bei ya chini zinaunguruma na kuchemsha mota ya feni. Feni ya kutoa joto isiwekwe kwenye inveta hiyo. Umeme ukikatika tunataka isimame.

Wakati huo mfanyakazi afungue mlango wa mbele, asifungue mlango wa moto, na mfuniko wa hopa ubaki umefungwa. Mtu akifungua hopa kutazama peleti anaipa njia ya kupumulia na moto unapanda.

King'ora cha monoksidi ya kaboni cha betri: kimoja chumbani, mita 2 au 3 kutoka kwenye oveni, kimoja juu kwa wapangaji. Hapa usibane pesa.

---

Fundi Bati Nyakato

La pumba. Mabomba ni yaleyale, kinachobadilika ni ufagio. Pumba za mpunga zina majivu karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake. Peleti nzuri za mbao hazifiki asilimia moja. Kwa saa zako 7, kilo 42 za mbao zinaacha chini ya nusu kilo. Kilo 42 za pumba zinaacha kama 8. Chungu cha kichomeo kilichotengenezwa kwa ajili ya mbao kinajaa kabla mikate ya pili haijaingia, hewa inakosa matundu, na majivu yenye silika nyingi moto ukizidi yanaanza kushikana. Tena pumba zina joto pungufu, utahitaji kilo zaidi kupata moto uleule.

Kama kichomeo chako hakina mkono wa kusukuma majivu wenyewe, tumia mbao, bei ya gunia isikudanganye. Kama kinao, kizibo cha tii ya ndani kifunguliwe kila wiki, cha nje kila wiki mbili, na brashi ya kipenyo 100 ipitishwe bomba zima kila mwezi. Kwa mbao, kila mwezi vizibo, kila miezi mitatu brashi. Valia barakoa, vumbi la silika si la kuchezea.

Jambo lingine nilisahau. Mkiunganisha vipande vya nje: bomba la ndani, kipande cha juu kiingie ndani ya cha chini, unyevu ubaki ndani. Gamba la nje ni kinyume, la juu livae la chini, mvua isiingie kwenye rokiwulu. Wengi wanageuza vyote upande mmoja, na mwaka unaofuata rokiwulu imelowa, mvuto umekufa, wanalaumu kichomeo. Ribiti zipigwe kwenye gamba la nje tu.

Na pale linapopita kwenye kipenu cha paa: kata bati, weka kola (bati la kuzungushia bomba), lakini mbao zote pamoja na fasia bodi (ubao wa ukingo wa paa) ziwe sentimita 7.5 mbali na gamba. Huko ndiko kwenye hatari ya moto, si kwenye ukuta wa mawe.

---

Mama Andazi wa Mlimani

Fasia bodi yangu iko sentimita 4 kutoka mstari wa bomba, nimepima sasa hivi. Nisogeze bomba?

---

Fundi Bati Nyakato

Kata fasia bodi. Ukisogeza bomba utahitaji elbo mbili za 45, deni linaongezeka 1.8 na unapita 10. Ondoa ubao upana wa sentimita 35, ziba uwazi na bati lililokunjwa, gata uliunge kwa kipande cha chuma hapo. Kama ni la plastiki, sogeza ncha zake nazo.

---

Hewa ya Chumba

Siku ya kuwasha, kabla ya unga kuingia chumbani: washa feni ya kutoa joto, funga mlango, oveni ikiwa baridi. Shika kijiti cha udi kwenye tii ya ndani kizibo kikiwa kimetolewa. Moshi wa udi uingie kwenye bomba. Ukisukumwa kuja kwako, louva haitoshi, ongeza kabla hujawasha chochote. Halafu rudisha kizibo, washa kichomeo, pitisha udi huohuo kila kiungo taratibu. Mahali moshi wa udi unapotikisika na kusukumwa pembeni, pana uvujaji.

---

Mama Andazi wa Mlimani

Sawa. Silikoni ikishapakwa naweza kuwasha siku hiyohiyo?

---

Fundi Bati Nyakato

Hapana, saa 24. Ukiwasha mapema inatoa mapovu na kuacha matundu ambayo huyaoni. Na moto wa kwanza uwe mdogo, saa moja, madirisha ya wapangaji yakiwa yamefungwa, maana mafuta ya kiwandani kwenye chuma kipya yanatoa harufu.

---

Mama Andazi wa Mlimani

Basi slivu Jumatatu, bomba Ijumaa, moto Jumapili. Nawaambia wapangaji leo.